Baridi inapoyakuta maziwa mlangoni

Januari 1963, Waingereza wengi waliofungua milango asubuhi ili kuchukua maziwa yao walikuta chupa zimebadilika sura. Kile kifuniko chembamba cha alumini hakikuwa tena mdomoni mwa chupa. Kilikuwa juu yake, kimekaa kama kofia kwenye kichwa cha nguzo nyeupe ya malai iliyoganda na kuchomoza shingoni. Picha za chupa hizo zilipigwa kwa wingi, na hadi leo wazee wa Uingereza wakianza kusimulia baridi ya mwaka ule, habari ya maziwa haikosekani.

Baridi yenyewe haikuwa ya mchezo. Theluji ilianza kuanguka England tarehe 26 Desemba 1962. Siku tatu baadaye, dhoruba ikaikusanya kwa upepo katika vilima vya kusini magharibi, na kuna mahali ilifikia kimo cha mita 6. Wastani wa joto la Januari katika eneo la kati la England, mchana na usiku kwa pamoja, ulikuwa nyuzijoto 2.1 chini ya sifuri. Tangu 1814 hapakuwa na Januari ya baridi kiasi hicho. Huko Herne Bay, katika pwani ya Kent, bahari iliganda. Mjini Oxford, gari lilipita juu ya mto Thames. Asubuhi ya kwanza isiyo na jalidi nchini humo ilikuja tarehe 6 Machi.

Hata hivyo maziwa yaliendelea kufika milangoni. Wapeleka maziwa waliacha magari mahali yalipokwama, wakapakia kreti kwenye vigari vya kuteleza na kuvivuta kwa mikono. Shida ilikuwa zaidi mashambani, ambako malori ya kukusanya maziwa hayakuweza kufika, na baadhi ya wafugaji walilazimika kuyamwaga.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye adui wa maziwa yake ni joto, hadithi hii inazua swali: je, maziwa yanayoachwa nje ya mlango kwenye nchi za baridi huganda barafu kila mwaka? Na kama huganda, kwa nini watu waliendelea kuyaacha huko kwa zaidi ya miaka mia moja?

Jibu fupi ni kwamba huganda, lakini kwa nadra kuliko watu wanavyodhani. Chupa inayoachwa nje hukabiliwa na mambo mawili, ukali wa baridi na muda wa kukaa ndani ya baridi hiyo. Mara nyingi muda ndio unaoamua.

Nusu nyuzi chini ya sifuri

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takribani asilimia 87. Kinachobaki ni mafuta, protini, madini na sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Laktosi na chumvi za madini zimeyeyuka kabisa ndani ya maji, na hizo ndizo zinazoyachelewesha kuganda. Mafuta yanaelea kwa vitone vidogo, na protini imetawanyika kwa chembe ambazo ni kubwa mno kuleta tofauti ya maana. Ndiyo sababu maziwa halisi huanza kuganda karibu nyuzijoto 0.54 chini ya sifuri, yawe na malai tele au yawe yameondolewa mafuta yote.

Hiyo ni tofauti ndogo sana na maji ya kawaida. Maji ya bahari, kwa mfano, huvumilia hadi karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Kwa hiyo usiku ambao dimbwi la maji barabarani linaweka utando wa barafu, maziwa yaliyo nje nayo yako hatarini.

Kiwango hicho cha kuganda hubadilika kidogo mno kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, na kutokana na uthabiti huo kimekuwa silaha dhidi ya wanaoongeza maji kwenye maziwa. Mkemia Julius Hortvet wa jimbo la Minnesota, Marekani, alichapisha mwaka 1921 njia ya kukipima kwa kifaa maalumu, na viwanda vya maziwa duniani vimeendelea kutumia kanuni hiyo hiyo kwa vifaa vya kisasa zaidi. Kila asilimia 1 ya maji yanayoongezwa hukisogeza kiwango kwa takribani nyuzi 0.005 kuelekea sifuri.

Wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaijua zaidi laktomita, kile kipimo cha kioo kinachotumbukizwa kwenye maziwa pale kituo cha kukusanyia. Laktomita hupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, na mjanja anaweza kuihadaa kwa kuengua malai kwanza kisha kuongeza maji, kwa kuwa kuengua huongeza kipimo na maji hukishusha. Kipimo cha kuganda hakihadaiki kwa ujanja huo, kwa kuwa mafuta hayamo kwenye hesabu yake.

Kupoa si kuganda

Chukua chupa ya painti moja ya Kiingereza, yaani mililita 568. Imetoka kwenye chumba cha baridi cha kampuni ikiwa na nyuzi 4, ikawekwa mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri, hewa imetulia. Kuipoza hadi ifikie kiwango cha kuganda kunahitaji kuiondolea takribani kilojuli 10 za joto, na hiyo ni kazi ya kama saa moja. Lakini kuyageuza maji yote yaliyomo yawe barafu kunahitaji kuondoa kilojuli 165 hivi, zaidi ya mara 15 ya zile za kwanza.

Hapo ndipo baridi inapokwama. Kwa makadirio ya namna hiyo, chupa hiyo ingehitaji kukaa nje sehemu kubwa ya siku kabla haijawa barafu ngumu. Mwenye nyumba anayeichukua saa moja asubuhi atakuta, kama kuna kitu, utando mwembamba uliong'ang'ania ukuta wa chupa kwa ndani, na akiitikisa kidogo atasikia vipande vikigongana. Akiisahau hadi jioni, atakuta mambo mengine.

Kuganda huanzia pembeni, pale maziwa yanapogusana na kioo, kisha barafu husonga kuelekea katikati. Kadiri maji yanavyojitenga na kuwa barafu, ndivyo laktosi na chumvi zinavyorundikana katika majimaji yanayobaki, nayo yanakuwa mazito na magumu zaidi kuganda. Hata chupa ikiachwa muda wote unaotakiwa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, karibu sehemu moja kati ya kumi ya maji yake itabaki bila kuganda. Aliyewahi kulamba barafu ya maziwa iliyogandishwa kwenye friji anaijua tofauti hiyo: pembeni ina ladha ya maji, katikati ina utamu.

Upepo nao una mchango wake, ingawa haufanyi kile ambacho wengi wanaamini. Mtangazaji wa hali ya hewa akisema ni nyuzi 2 juu ya sifuri lakini upepo unaifanya baridi ihisiwe kuwa nyuzi 6 chini ya sifuri, maneno hayo yanaihusu ngozi ya binadamu. Chupa haiwezi kushuka chini ya joto la hewa iliyoizunguka, hata upepo uvume namna gani. Unachofanya upepo ni kuharakisha safari ya kufikia joto hilo.

Theluji nayo huwashangaza wageni. Theluji mpya iliyotua kwa wingi imejaa hewa katikati ya chembe zake, na hewa hiyo hupitisha joto polepole. Usiku wa baridi kali, chupa iliyofukiwa kwenye theluji nene hupoa taratibu kuliko ile iliyosimama wazi juu ya ukuta.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Ukuta wa matofali unavujisha joto kidogo usiku kucha, na kibaraza chenye paa huizuia ardhi kupoteza joto lake kwenda kwenye anga tupu lisilo na mawingu. Kwa hiyo pembe ya mlango huwa na joto zaidi kuliko uwanja wa wazi ambako wataalamu wa hali ya hewa huweka vipimajoto vyao.

Ukiyaweka yote hayo pamoja na hali halisi ya Uingereza, jibu linaanza kueleweka. Usiku wa kawaida wa Januari jijini London hushuka hadi nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Hilo ni joto la ndani ya friji iliyo katika hali nzuri. Kwa asubuhi nyingi za majira ya baridi, kizingiti cha mlango kilikuwa mahali pazuri pa kutunzia maziwa kuliko kabati la jikoni, na hasa katika miaka ambayo nyumba nyingi hazikuwa na friji. Kilichomsumbua mpeleka maziwa wa London kila mwaka kilikuwa jua la Julai.

Pale baridi inaposhinda

Nguzo ya malai ya mwaka 1963 ina maelezo yake katika hesabu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 9. Katika chupa ya painti, ongezeko hilo ni karibu mililita 45 iwapo maji yote yataganda. Kioo hakitanuki, basi njia pekee iliyobaki ni kwenda juu. Kwa shingo yenye upana wa sentimita 3 kwa ndani, mililita hizo zinaweza kusukuma nguzo ya kimo cha sentimita 6, ukitoa ile nafasi ndogo iliyoachwa chini ya kifuniko.

Kwa nini ilikuwa malai na si maziwa? Kwa sababu maziwa mengi yaliyouzwa wakati huo mafuta yake hayakuwa yamesagwasagwa kwa shinikizo kiwandani, na yakitulia, malai yalipanda juu na kujaza shingo ya chupa. Maziwa yaliyoganda chini yake yaliyasukuma nje yakiwa mazima. Kifuniko cha alumini kilichobanwa kwa mkunjo tu kiliachia bila ubishi, na hicho ndicho kilichoziokoa chupa nyingi zisipasuke. Chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha hujibu kwa namna nyingine: huvimba tumbo.

Malai yaliyokaa wazi yalikuwa karamu kwa wengine. Mwaka 1921, katika kitongoji cha Swaythling karibu na Southampton, iliripotiwa kwamba ndege wadogo walikuwa wakifungua vifuniko vya chupa za maziwa na kunywa malai. Aliyejipatia umaarufu zaidi kwa wizi huo ni ndege mdogo mwenye utosi wa buluu na kifua cha njano, asiyezidi uzito wa gramu 12 hivi. James Fisher na Robert Hinde walikusanya taarifa kutoka sehemu mbalimbali za nchi na kuchapisha matokeo mwaka 1949 katika jarida la British Birds. Tabia ile ilikuwa imeenea mbali na mahali ilipoonekana kwanza, na tangu hapo imekuwa mfano unaotajwa sana katika masomo ya namna wanyama wanavyojifunza. Majira ya baridi, wadudu wakiwa wameadimika, ndege hawa walikuwa wakitua kwenye kreti hata kabla mpeleka maziwa hajamaliza mtaa. Wenye nyumba waliwawekea wapeleka maziwa vikombe nje ya mlango ili wavifunike juu ya chupa.

Watoto wa shule nao walikuwa na kesi yao. Sheria ya mwaka 1946 ilimpa kila mwanafunzi wa Uingereza aliye chini ya miaka 18 theluthi moja ya painti ya maziwa kwa siku, takribani mililita 190, bila malipo. Majira ya baridi yaliyofuata, kuanzia mwishoni mwa Januari 1947 hadi katikati ya Machi, yakawa miongoni mwa makali zaidi katika karne ile, tena nchi ikiwa na uhaba wa makaa ya mawe.

Chupa ndogo ina eneo kubwa la kupotezea joto ukilinganisha na maziwa yaliyomo, hivyo huganda mapema kuliko chupa ya painti. Kreti zilizoshushwa uwanjani alfajiri zilisubiri hadi mapumziko ya saa nne, na siku za baridi kali zilikuwa na barafu. Dawa ya walimu ilikuwa kuzisogeza kreti karibu na hita ya darasa. Barafu iliyeyuka, na maziwa yakawa vuguvugu, yenye harufu, na watoto wakalazimishwa kuyanywa hivyo hivyo. Wapo waliokua wakichukia maziwa maisha yao yote kwa sababu ya hita ile. Huduma hiyo iliondolewa katika shule za sekondari mwaka 1968, na mwaka 1971 Margaret Thatcher, akiwa waziri wa elimu, akaiondoa kwa watoto waliozidi miaka saba.

Mpeleka maziwa mwenyewe alikuwa na shida nyingine kwenye baridi. Usafiri wake, kuanzia katikati ya karne ya 20, ulikuwa kigari cha umeme chenye paa na ubavu wazi, kilichotembea polepole bila kelele ili kisiamshe mtaa. Betri za risasi na tindikali hupungukiwa nguvu baridi inapozidi, na njia ya kawaida ya asubuhi ikawa safari ya wasiwasi. Kwa kuwa ubavu ulikuwa wazi, kreti za pembeni zilianza kupoa kabla hazijafika popote, huku zile za katikati zikikingwa na hizo za pembeni. Nyumba ya mwisho katika mzunguko ilipata maziwa yaliyokaa baridini saa tatu au nne zaidi kuliko nyumba ya kwanza.

Zaidi ya 1963, zipo tarehe nyingine ambazo kizingiti cha Uingereza kiligeuka friza. Tarehe 10 Januari 1982, huko Newport katika Shropshire, kipimajoto kilisoma nyuzi 26.1 chini ya sifuri, rekodi ya England. Siku hiyo hiyo Braemar, Scotland, ilifikia nyuzi 27.2 chini ya sifuri. Desemba 2010 nayo, Castlederg ya Ireland ya Kaskazini ilishuka hadi nyuzi 18.7 chini ya sifuri. Katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, painti ya maziwa haihitaji siku nzima. Saa chache zinatosha kuifanya jiwe.

Sanduku la barazani

Kile ambacho kwa Mwingereza kilikuwa tukio la kusimulia, kwa Mmarekani wa majimbo ya kaskazini kilikuwa jambo la kila mwaka. Minneapolis, ambako leo wanaishi maelfu ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki, usiku wa kawaida wa Januari ni karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Chicago iliwahi kufikia karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, tarehe 20 Januari 1985. Kwenye baridi ya namna hiyo hakuna anayesubiri kuona kama chupa itaganda. Ulinzi unawekwa mapema.

Ulinzi wa kwanza ulijengwa ndani ya nyumba zenyewe. Nyumba nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 katika miji ya kaskazini zina kijishimo ukutani, karibu na mlango wa jikoni, chenye vilango viwili. Mpeleka maziwa alifungua kilango cha nje, akaweka chupa, akafunga. Mama wa nyumba alifungua kilango cha ndani akazichukua bila kutoka na kandambili kwenye theluji. Joto la jikoni lililopenya kupitia kilango cha ndani lilitosha kuzuia barafu. Vijishimo hivyo bado vipo katika nyumba za zamani, vingine vimezibwa kwa ubao na rangi, vingine vimegeuzwa visanduku vya barua.

Ulinzi wa pili ulikuwa sanduku la bati lililowekwa barazani, lenye kuta mbili na tabaka la kuzuia joto katikati, na jina la kampuni ya maziwa mbele. Majira ya joto lilihifadhi ubaridi, majira ya baridi likauzuia ubaridi usiingie. Sanduku halina joto lake lenyewe, kwa hiyo haliwezi kuzuia kuganda milele. Linanunua muda tu: maziwa ambayo yangeanza kuganda baada ya dakika ishirini yanapata saa kadhaa, na kufikia hapo mwenye nyumba ameshaamka.

Masanduku hayo hayakushindwa na baridi, yalishindwa na friji, gari la familia na duka kubwa. Mwaka 1963 karibu asilimia 30 ya maziwa ya Marekani yalikuwa bado yanapelekwa nyumbani. Mwaka 1975 yalibaki asilimia 7 hivi, na mwaka 2005 hata nusu ya asilimia 1 haikufika. Uingereza ilichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu asilimia 90 ya maziwa ya majumbani yaliletwa mlangoni. Baada ya miongo mitatu ikawa asilimia chache tu. Katika miaka ya karibuni biashara hiyo imepata uhai kidogo, kwanza kwa sababu ya watu wanaokwepa chupa za plastiki, kisha kwa sababu ya watu kujifungia ndani wakati wa korona mwaka 2020.

Huko barafu ndiyo kifungashio

Wapo watu ambao hawapambani na barafu kabisa, wameiajiri. Katika jiji la Yakutsk, Siberia, ambako wastani wa Januari ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, maziwa huuzwa kwenye soko la wazi yakiwa visahani vya barafu. Maziwa humiminwa kwenye bakuli na kuwekwa nje, na yakishaganda hutolewa yakiwa na umbo la bakuli. Muuzaji huyapanga juu ya meza karibu na samaki waliosimamishwa wima kwa ugumu, na mnunuzi huondoka na vipande vyake ndani ya mfuko. Friji haihitajiki hadi majira ya kuchipua. Mtu akitaka chai ya maziwa, anavunja kipande.

Afrika Mashariki ina sehemu zake za jalidi. Uwanda wa Kitulo, Makete, ambako kuna shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, nyasi huamka nyeupe baadhi ya asubuhi za Juni na Julai. Mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, yaliunguzwa na jalidi Januari 2012. Lakini maziwa ya maeneo hayo hayapati nafasi ya kuganda. Hukamuliwa yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, hubebwa kwa pikipiki au baiskeli, na hukabidhiwa mkononi kwa mkono hadi kwenye sufuria au tangi la kupozea. Hakuna anayeyaacha nje ya mlango na kuondoka, na hata angetaka, jua la saa tatu lingemkumbusha. Jalidi ya huko hudumu saa mbili au tatu za alfajiri, muda usiotosha kuigandisha hata chupa ya mwanafunzi wa Uingereza.

Yakishaganda, yanafaa?

Maziwa yaliyoganda hayajaharibika kwa kuganda peke yake. Baridi haiui bakteria wote, inawasimamisha kazi tu, na maziwa yakiyeyuka wanaendelea pale walipoishia. Kinachobadilika ni umbile. Fuwele za barafu hutoboa ngozi nyembamba inayozunguka vitone vya mafuta, na maziwa yakiyeyuka mafuta hayo hukutana na kuelea kwa mabonge. Baadhi ya protini nayo hujikusanya na kutua chini, hasa maziwa yakikaa kwenye barafu kwa majuma mengi. Ndiyo sababu maziwa yaliyoyeyuka huonekana kana kwamba yamekatika, ilhali harufu yake ni safi. Ukiyatikisa kwa nguvu, mengi hurudi katika hali inayokubalika, na kwa chai, uji au maandazi hakuna atakayegundua.

Rangi nayo huwatia watu hofu. Maziwa yakiwa barafu huelekea umanjano, kwa sababu vitu vyenye rangi vilivyomo, ikiwemo vitamini B2, vinasukumwa pamoja kadiri maji yanavyojitenga. Yakiyeyuka, weupe hurudi.

Maziwa yasiyo na mafuta huvumilia kuganda kuliko yenye malai, na yale ambayo mafuta yake yamesagwa kiwandani huvumilia kuliko yale ambayo malai hupanda juu. Kwa kuwa aina hizo ndizo zinazouzwa zaidi siku hizi, nguzo ya malai yenye kifuniko kichwani imeadimika hata pale baridi inaporudi. Wale ndege nao wamepoteza riziki hiyo.

Kwa msomaji aliye Leeds, Minneapolis au Toronto anayefikiria kuagiza maziwa ya mlangoni, mambo ni mepesi. Usiku ukiwa juu ya sifuri, yaache hadi uamke. Ukitabiriwa kushuka nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, yachukue ndani ya saa moja au mbili baada ya kuletwa. Ukishuka zaidi ya nyuzi 10, mwekee mpeleka maziwa sanduku lenye tabaka la kuzuia joto. Hata lile la sponji linalotumika kubebea samaki linafaa, mradi lina kifuniko. Ukiyakuta yameganda, yayeyushe ndani ya friji na si karibu na hita, kisha yatikise na uyatumie mapema. Na ukikuta kifuniko kimesukumwa juu au kimetobolewa, malai yakiwa wazi, hujui kilichotua juu yake kabla yako: yamwage.